Kabla hujafungua anwani ya pokea-yote kwenye seva ya pamoja

Ombi lenyewe huwa fupi: "Naomba barua yoyote inayotumwa kwenye kikoa changu, hata jina likikosewa, inifikie mimi." Anayeomba ana sababu ya maana. Ameanzisha kazi, anwani yake imeshachapishwa kwenye kadi na matangazo, na hataki mteja hata mmoja apotee kwa ajili ya herufi iliyorukwa. Kwa upande wangu, ninayesimamia seva ya Linux inayobeba vikoa (domain, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) vya watu wengi, kulitimiza, yaani kufungua pokea-yote (catch-all), ni kazi ya mstari mmoja. Lakini mstari huo mmoja hubadili tabia ya seva kwa wageni wote wanaobisha hodi, na wanaoguswa ni pamoja na majirani ambao hawakuomba chochote.

Nianze na kile kinachoondoka. Seva moja inapotaka kuipa nyingine barua, mazungumzo hufanyika kabla barua yenyewe haijavuka. Mgeni hujitambulisha, humtaja mtumaji, kisha humtaja mpokeaji. Hapo ndipo mwenyeji anapokubali au anapokataa:

    RCPT TO:<malip@kampuni.example>
    550 5.1.1 <malip@kampuni.example>: Recipient address rejected: User unknown in virtual alias table

Namba 550 ni jibu la mkato: anwani hiyo haipo, usijaribu tena. Seva ya mtumaji hulipokea jibu hilo na kumwarifu mtu wake. Yule mtu, ambaye alikusudia kuandika malipo@ akaruka herufi ya mwisho, hujua mapema, angali anaikumbuka barua yake na bado ana uwezo wa kuirekebisha. Katika seva nzima ya barua pepe sijui kitu ninachokithamini kuliko jibu hilo. Ni ukweli unaomfikia mwenye kuuhitaji wakati bado una faida.

Ukishafungua pokea-yote, jibu kwa kila jina huwa 250, yaani nimepokea. malip@, mallipo@, hata mfululizo wa herufi usio na maana, vyote vinapokewa. Mtumaji anaamini barua imefika, na kweli imefika, ila imefika mahali ambapo huenda hakuna anayeangalia. Mhasibu mmoja aliyekuwa na kikoa kwenye seva niliyoisimamia alinipigia simu akilalamika kwamba ankara aliyoahidiwa haijaja. Nikaitafuta kwenye kumbukumbu za seva, nikaiona.

"Dada, barua yako ilipokewa mwezi uliopita," nikamwambia.

"Ilipokewa na nani?"

Ilikuwa kwenye kisanduku chake mwenyewe cha pokea-yote, chini ya maelfu ya matangazo ya dawa na mikopo. Aliyeituma alikuwa amekosea jina, hakupata jibu lolote la kukataliwa, na wiki zote hizo alidhani anapuuzwa. Bila pokea-yote angejua siku ileile.

Hizo barua taka zinatoka wapi? Watuma taka hawana orodha za anwani za kweli peke yake. Huchukua kikoa na kujaribu majina kwa kubahatisha: admin, info, sales, john, mary, kisha kamusi nzima ya majina ya watu. Seva inayokataa huwapa 550 mfululizo, na baada ya makosa kadhaa inaweza kupunguza mwendo wa muunganisho au kuukata kabisa. Seva inayopokea yote huwaambia kwamba kila jina walilobuni ni la kweli, na majina hayo yakishaingia kwenye orodha zao huuzwa na kuuzwa tena. Ndiyo maana kikoa kilichowahi kufunguliwa pokea-yote huendelea kupigwa muda mrefu baada ya kufungwa.

Halafu kuna marejesho. Mtuma taka akiamua kughushi kikoa chako kwenye sehemu ya mtumaji, kila seva inayoshindwa kufikisha barua zake humrudishia "mtumaji", yaani wewe. Mwaka 1997 tovuti ya joes.com iliandamwa kwa namna hiyo na mtu aliyetaka kulipiza kisasi, na mafuriko ya marejesho na matusi yakamshukia mwenye tovuti ambaye hakutuma kitu. Kwa kuwa majina yanayoghushiwa huwa ya kubuni, seva ya kawaida huyakataa marejesho hayo mlangoni. Ya pokea-yote huyameza yote.

Kama seva ingekuwa ya mtu mmoja, ningesema ni hiari yake. Kwenye seva ya pamoja hali ni tofauti, kwa sababu diski ni moja, foleni ya barua ni moja, na zaidi ya yote anwani ya IP, namba inayoitambulisha seva mtandaoni, ni moja. Hili la IP ndilo gumu kuwaeleza watu. Wengi wanaoomba pokea-yote hawataki kusoma barua kwenye seva yetu. Wanataka zipelekwe kwenye kisanduku chao cha Gmail au cha kampuni nyingine kubwa. Kwa hiyo taka zote zilizopokewa kwa majina ya kubahatisha zinatoka tena kwenye seva yetu kuelekea huko, na kwa macho ya Google sisi ndio tunaozituma. SPF, orodha ya IP ambazo kikoa kimeziruhusu kutuma barua zake, haitusaidii, maana inalinganisha IP iliyoleta barua na kikoa cha mtumaji wa asili, na IP yetu haimo kwenye orodha yake. Kuna SRS, njia ya kuandika upya anwani ya mtumaji kwenye bahasha (majina yanayotajwa katika mazungumzo ya seva kabla ya barua yenyewe) ili SPF ipite, nami huiweka. Ila SRS haigeuzi taka kuwa barua njema. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua kwao, na Google inataka malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Jina la seva likichafuka, anayeumia ni jirani mwenye kikoa kingine, ambaye barua zake halali zinaanza kuangukia kwenye folda ya taka bila yeye kujua sababu.

Na ikitokea Gmail ikaikataa barua ambayo sisi tumekwisha kuipokea? Tunabaki nayo mkononi. Itabidi tuirudishe kwa mtumaji, na mtumaji huyo ameghushiwa. Sasa sisi ndio tunaomtumia mtu asiyehusika marejesho ya barua ambayo hakuiandika. Kwa sababu hiyo kanuni yangu kwenye seva ya pamoja haina mjadala: pokea-yote haielekezwi nje ya seva. Ukiitaka, utaisoma hapahapa.

Tuje kwenye usanidi, maana wapo wanaoihitaji kweli na wana haki ya kuwekewa vizuri. Natumia Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotoka mwaka 1998. Kwa kikoa cha lakabu, yaani chenye anwani zinazoelekeza tu barua kwa jina jingine, faili ya /etc/postfix/virtual huwa hivi:

    habari@kampuni.example     asha
    malipo@kampuni.example     juma
    @kampuni.example           asha

Mistari miwili ya kwanza ni anwani za kweli. Wa tatu, usio na jina kabla ya alama ya @, ndio pokea-yote. Kwenye main.cf, faili kuu ya mipangilio ya Postfix, kikoa kinatajwa katika virtual_alias_domains na faili inatajwa katika virtual_alias_maps. Kikoa hichohicho kisionekane kwenye mydestination, orodha ya vikoa vya seva yenyewe. Kikionekana, Postfix italalamika kwenye kumbukumbu, na wanaobandika mipangilio bila kusoma kumbukumbu huhangaika sana hapo. Ukibadili faili, endesha postmap /etc/postfix/virtual. Usipofanya hivyo Postfix itaendelea kusoma jedwali la zamani. Mpangilio wa mistari hauna athari: Postfix hutafuta anwani kamili kwanza, na ikiikosa ndipo hutafuta @kampuni.example.

Hadi hapo ni rahisi. Ugumu unaanza pale kikoa kinapokuwa na visanduku vyake kwenye virtual_mailbox_maps, kama ilivyo kwenye seva nyingi zenye Dovecot (programu inayotunza visanduku na kuwapa watu barua zao) na hifadhidata ya watumiaji. Jedwali la lakabu husomwa kabla ya jedwali la visanduku, kwa barua zote. Ukiweka @kampuni.example kwenye jedwali la lakabu, hata barua ya juma@kampuni.example, mwenye kisanduku halali, itanaswa na mstari huo kwa sababu jina lake halimo kwenye lakabu. Kisanduku cha Juma kitakuwa kitupu kuanzia dakika hiyo, na hakuna kosa litakaloandikwa popote, maana kwa Postfix hakuna kosa: imefanya ulichoagiza. Dawa ni kumtaja kila mwenye kisanduku kwenye lakabu, akielekezwa kwake mwenyewe:

    juma@kampuni.example       juma@kampuni.example
    asha@kampuni.example       asha@kampuni.example
    @kampuni.example           asha@kampuni.example

Kwa anayeona mara ya kwanza, mstari unaompeleka Juma kwa Juma ni kama hauna kazi, na nimewahi kukuta faili ambamo mtu alikuwa amejaribu kuisafisha kwa kuifuta mistari ya aina hiyo. Kazi yake ni kumtangulia yule mwenye @. Wenye hifadhidata hawana haja ya kuiandika kwa mkono: ongeza swali la pili kwenye virtual_alias_maps linalouliza jedwali la watumiaji na kurudisha anwani ileile iliyoulizwa. Mtumiaji mpya akiongezwa, analindwa papo hapo.

Kupima nako kuna mtego wake. Wengi huendesha:

    postmap -q jinalakubuni@kampuni.example hash:/etc/postfix/virtual

Amri inanyamaza, nao wanahitimisha kwamba pokea-yote haifanyi kazi. Amri hiyo hutafuta neno lilelile ulilolipa, basi. Haijui utaratibu wa kurudi kwenye @kampuni.example. Iulize "@kampuni.example" peke yake ndipo itajibu. Ukitaka kuona njia nzima ambayo barua ingeipita, tumia sendmail -bv ikifuatwa na anwani, na Postfix itakuletea ripoti kwenye kisanduku chako bila kumtumia mtu barua. (Kwenye matoleo mapya ya baadhi ya mifumo ya Linux aina ya jedwali iitwayo hash imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na lmdb. Angalia postconf -m kabla ya kunakili mifano ya zamani, pamoja na hii yangu.)

Jambo jingine linalosahaulika: Asha atajuaje barua iliandikiwa jina gani? Lakabu ikishatafsiriwa, bahasha ina jina la Asha tu. Sehemu ya To inaweza kusaidia, ila mtumaji akitumia nakala ya siri haitaonyesha chochote. Postfix inapoweka barua kisandukuni yenyewe, huongeza kichwa cha X-Original-To chenye anwani ya asili. Ikimkabidhi Dovecot kwa njia ya LMTP, lugha ya kukabidhiana barua za kuwekwa kisandukuni, haikiongezi mpaka uiombe, na uwezo wa kuomba hivyo, kwa alama ya flags=O kwenye master.cf (faili ya huduma za Postfix), ulikuja na Postfix 3.5. Fanya hivyo kabla ya kuandika vichujio vyovyote, maana bila kichwa hicho hakuna cha kuchuja.

Liko pia suala la usalama, nalo nalichukulia kwa uzito wote. Kampuni zinazotoa vyeti vya tovuti zinaweza kuthibitisha umiliki wa kikoa kwa kutuma barua kwenye mojawapo ya majina haya matano: admin, administrator, webmaster, hostmaster na postmaster. Anayeisoma barua hiyo anaweza kupata cheti cha kikoa hicho. Mwaka 2015 mtu mmoja nchini Ufini alifanikiwa kusajili mojawapo ya majina hayo kwenye live.fi, kikoa cha Microsoft, akapewa cheti halali, na Microsoft ikalazimika kutoa tahadhari, cheti nacho kikabatilishwa. Sasa fikiria pokea-yote inayosomwa na kijana wa muda aliyeajiriwa kupanga barua. Anashika funguo za kikoa kizima: si vyeti tu, bali hata viungo vya kubadili nenosiri vya akaunti zozote zilizofunguliwa kwa anwani za watu walioondoka. Kwa hiyo kabla ya mstari wa @, naandika hayo majina matano pamoja na abuse, jina la kupokea malalamiko, kila moja likielekezwa kwa mwenye kikoa au kwangu. Postmaster ni lazima hata bila hofu hii. RFC 5321, waraka wa kanuni za kusafirisha barua pepe, inataka kila seva inayopokea barua ipokee jina hilo.

Na barua zinazoingia kwa makosa huwa ni za watu. Mwaka 2011 watafiti wawili wa usalama wa kompyuta wa Godai Group, Peter Kim na Garrett Gee, walisajili vikoa vilivyofanana na vya makampuni makubwa isipokuwa nukta moja iliyokosekana, wakafungua pokea-yote na kusubiri. Ndani ya miezi sita walipokea barua zipatazo 120,000, zenye uzito wa GB 20, na ndani yake majina ya watumiaji, nenosiri na siri za biashara. Hawakuvunja mfumo wa mtu yeyote. Walipokea tu walichoandikiwa kwa makosa. Naikumbuka kazi ile kila ninapoombwa kufungua pokea-yote, kwa sababu anayeomba hujifikiria yeye na wateja wake, mara chache humfikiria yule aliyekosea, ambaye barua yake sasa itasomwa na mtu asiyemkusudia.

Basi nampa nini mwombaji? Kwanza namuuliza anachotaka hasa. Mara nyingi jibu ni kwamba anataka kujiandikisha kwenye tovuti mbalimbali kwa anwani tofauti, ili ajue nani aliyeuza jina lake. Huyo hahitaji pokea-yote; anahitaji alama ya kutenganisha. Weka recipient_delimiter = + na asha+kitabu@kampuni.example itamfikia Asha bila mstari wowote wa ziada. Tovuti nyingi hukataa alama ya kujumlisha kwenye fomu zao, na tangu Postfix 2.11 unaweza kuweka alama zaidi ya moja, kwa mfano +-, ili asha-kitabu@ nayo ifanye kazi. Mwenye jina la kweli lenye kistari hadhuriki, kwa kuwa anwani kamili hutafutwa kwanza.

Anayetaka uhuru zaidi ya huo nampa ruwaza, yaani kielelezo cha umbo la majina yanayokubaliwa, kwenye jedwali la pcre (aina ya jedwali linalosoma ruwaza):

    /^duka-[a-z0-9]+@kampuni\.example$/    asha

Jina lolote linaloanza na duka- linapokewa, mengine yote yanakataliwa kwa 550. Wanaobahatisha majina hawajui kwamba waanze na duka-, kwa hiyo karibu taka zote za kubahatisha zinabaki nje. Usisahau mkwaju wa kinyume kabla ya nukta wala alama ya dola mwishoni. Bila hivyo ruwaza inalegea na kukubali anwani usizozikusudia. Jedwali la aina hii halihitaji postmap.

Na yule anayeogopa wateja wanaokosea herufi, ambaye ndiye niliyeanza naye, namfungulia kumbukumbu za seva. Kila 550 huandikwa humo pamoja na jina lililoombwa. Kwenye Debian yenye rsyslog, huduma ya kuandika kumbukumbu, ni /var/log/mail.log, kwenye familia ya Red Hat ni /var/log/maillog:

    grep 'User unknown' /var/log/mail.log | grep -o 'to=<[^>]*@kampuni.example>' | sort | uniq -c | sort -rn

Kinachotoka ni orodha ya majina yote yaliyokataliwa, yaliyojirudia zaidi yakiwa juu. Mengi ni ya kubahatisha, na yanajulikana kwa kuyatazama tu. Katikati yake utaona malip@ na mallipo@, na pengine jina la mfanyakazi aliyeondoka ambaye bado anaandikiwa. Hayo ndiyo ya kuongezwa kama lakabu, moja moja. Nimekaa na wenye vikoa tukiipitia orodha hiyo pamoja, na karibu kila mara makosa ya kweli ni machache na yanajirudia yaleyale. Mstari mmoja kwa kila kosa la kweli unamaliza hofu yao, na mlango unabaki na uwezo wa kukataa.

Hali moja tu huniridhisha kufungua pokea-yote kamili: kuhamia. Kikoa kimekuja kutoka seva nyingine, orodha ya anwani za zamani imepotea, na hakuna anayejua ni majina gani yalikuwa hai. Hapo naifungua, nikikubaliana na mwenye kikoa tangu mwanzo tarehe ya kufunga. Kisanduku chake kinawekewa kikomo cha nafasi, kiwe peke yake, kisichanganywe na cha mtu anayefanya kazi. Barua zinapoingia, Postfix huandika orig_to, yaani anwani iliyoandikiwa awali, kwenye kumbukumbu, kwa hiyo majina yaliyo hai yanajikusanya yenyewe. Tunayahamisha kwenye lakabu kadiri yanavyojitokeza.

Tarehe ikifika, mstari wa @ unafutwa. Yale majina ya zamani ambayo hatutaki kuyapokea tena, lakini wenye kuyaandikia ni watu wa kweli, yanaingia kwenye jedwali la relocated, likitajwa kwenye main.cf kwa relocated_maps:

    mauzo-zamani@kampuni.example    mauzo@kampuni.example

Lifanye hilo baada ya kuufuta mstari wa @, maana lakabu hutangulia na jedwali hili halitafikiwa. Kuanzia hapo atakayeandika kwa jina la zamani atajibiwa 550 5.1.6, kwamba mpokeaji amehamia mauzo@kampuni.example.